MAPAMBO: Jinsi ya kukarabati na kuimarisha wigi ya lesi nyumbani

WIGI ya lesi si pambo la bei rahisi. Ile iliyotengenezwa kwa nywele za binadamu huweza kumgharimu mnunuzi kiasi cha kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na hata ile ya nywele za kiwandani si ya kutupwa ovyo.

Hata hivyo, wigi nyingi hazifi kwa uzee. Huuawa na mpasuko mdogo usiozidi upana wa ukucha, ambao mwenyewe aliuona Jumatatu akaupuuza, na kufikia Jumamosi ukawa umekaribia utosi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili ukuta ni wigi nyingine mpya.

Isitoshe, wapo watu ambao kwao wigi si urembo wa kwenda harusini. Mgonjwa wa saratani anayepokea tibakemia aghalabu huanza kupoteza nywele wiki mbili hadi nne baada ya kuanza matibabu, na huchukua miezi kadhaa baada ya kuyakamilisha kabla nywele zake hazijarejea. Wengine hunyonyoka nywele kwa sababu kinga ya mwili imegeuka na kushambulia mashina yake. Kwa watu kama hao, wigi kuchanika asubuhi ya siku ya kazi ni sawa na kuvuliwa nguo hadharani.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ukarabati mwingi hauhitaji mashine wala ufundi wa ajabu. Unahitaji sindano nyembamba, mwanga wa kutosha na subira.

Wigi ya lesi imeundwaje?

Lesi, au kimia kama kinavyoitwa pia, ni kitambaa chepesi chenye matundu madogo madogo. Zamani kilifumwa kwa mkono. Mnamo 1809, Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine iliyoweza kufuma kitambaa cha aina hiyo chenye matundu ya pembe sita, na tangu hapo kikapatikana kwa wingi.

Lesi ya wigi za kisasa hutengenezwa kwa nyuzi za nailoni au poliesta. Ile iitwayo lesi ya Uswisi ni nyembamba na haionekani kwa urahisi ikilazwa juu ya ngozi, lakini huchanika upesi. Lesi ya Ufaransa ni nene kidogo na hustahimili zaidi. Ipo pia nyembamba kuliko zote mbili, ambayo wauzaji huinadi kuwa haionekani kabisa. Kanuni ni moja: kadiri lesi inavyojificha vizuri ndivyo inavyokuwa dhaifu.

Nywele za sehemu ya lesi hufungwa kwa mkono, moja moja au mbili mbili, kwa sindano yenye kulabu. Kila unywele hushikwa na kifundo kidogo kwenye uzi wa lesi. Kazi hiyo ndiyo inayoifanya wigi kuwa ghali. Wigi nyingi zinazouzwa nchini hutoka China, ambako mji wa Xuchang katika mkoa wa Henan ni kitovu cha biashara ya bidhaa za nywele.

Kuna wigi ambazo ni lesi tupu kuanzia mbele hadi kisogoni, na kuna zile zenye lesi upande wa mbele pekee. Za aina hii ya pili, sehemu iliyosalia huwa ni kofia ya kitambaa kinachonyumbuka ambayo juu yake imeshonewa mikanda ya nywele kwa mashine. Ni muhimu kujua ni sehemu gani iliyoharibika, kwani lesi na mikanda havitengenezwi kwa njia moja.

Kinachoharibu lesi

Chanzo kikuu ni papara wakati wa kuvua. Mtu aliyechoka hurejea nyumbani usiku, akavuta wigi iliyogandishwa kwa gundi bila kuilainisha kwanza. Gundi hubakia kwenye ngozi, na lesi hufuata gundi.

Pili ni kukatwa vibaya. Wigi mpya huwa na lesi ya ziada mbele ya nywele. Anayeikata hadi kwenye mstari wa kwanza wa vifundo huacha nyuzi zisizo na pa kujishikilia, na baada ya muda mfupi huanza kufumuka na nywele kudondoka.

Tatu ni dawa za kupausha vifundo. Lengo lake ni kuondoa vitone vyeusi ili wigi ifanane na ngozi. Dawa ikikaa kupita kiasi hudhoofisha unywele palepale ulipofungwa, na huilegeza lesi pia.

Nne ni kipimo kisichofaa. Kofia nyingi za ukubwa wa wastani hutengenezewa kichwa chenye mzingo wa takriban sentimita 56 hadi 57. Mwenye kichwa kikubwa kuliko hapo huivuta wigi kila siku, na mvuto huo huishia karibu na masikio na kisogoni. Ndiyo maana mipasuko mingi huanzia hapo.

Aidha, jasho, mafuta ya nywele na mabaki ya gundi hukausha na kugandisha nyuzi. Wakazi wa Mombasa, Malindi na maeneo mengine ya joto hulazimika kuosha wigi zao mara nyingi kuliko wa Limuru au Nyahururu.

Vifaa vinavyohitajika

Vifaa vya msingi ni sindano nyembamba kabisa ya mkono, sindano iliyopinda, uzi mwembamba wa poliesta wenye rangi ya nywele, na uzi wa nailoni usio na rangi kwa ajili ya lesi ya mbele. Mkasi mdogo wenye ncha kali, pini, vibanio vya nywele na kibanio cha nyusi pia ni muhimu.

Kichwa cha sponji cha kuvalishia wigi hurahisisha kazi. Asiyekuwa nacho anaweza kutumia mpira wa ukubwa wa kichwa uliofungwa kwa taulo na kuwekwa juu ya bakuli ili usiviringike.

Anayenuia kurudishia nywele zilizotoka atahitaji sindano ya kulabu ya kufungia nywele. Hizi huuzwa kwa namba kulingana na idadi ya nywele zinazoshikwa kwa mara moja. Nyembamba ya unywele mmoja au mbili hufaa ukingo wa mbele, na nene hufaa nyuma. Sindano ya kroshia inayotumiwa na wasusi haifai, kwani ni nene mno na hupanua matundu ya lesi.

Kiraka cha lesi hakina haja ya kununuliwa kila mara. Ile lesi ya ziada inayokatwa wigi ikiwa mpya ndiyo kiraka bora kuliko vyote, maana inalingana na wigi kwa rangi na kwa wembamba. Inafaa kuhifadhiwa kwenye bahasha badala ya kutupwa jaani.

Kusafisha na kukagua

Sindano haishiki vizuri kwenye lesi yenye gundi. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kusafisha. Wigi hugeuzwa ndani nje, kisha gundi hulainishwa kwa dawa ya kuondolea gundi au kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Gundi ikishalegea, huondolewa kwa kuviringishwa taratibu kwa kidole. Isikwanguliwe kwa ukucha wala kwa kisu. Kazi hii ifanywe mbali na jiko, kwani spiriti hushika moto haraka.

Baadaye wigi huoshwa kwa maji vuguvugu na shampuu isiyo kali, ikielekezwa upande mmoja kuanzia juu kushuka chini, bila kusuguliwa kama nguo. Ikaushwe kivulini.

Ikikauka, ilazwe juu ya kitambaa chenye rangi tofauti na lesi, karibu na dirisha wakati wa mchana. Tundu lolote lililo kubwa kuliko jirani zake litajitokeza. Kila penye kasoro pachomekwe pini. Kisha mshonaji ashike sehemu ya lesi kati ya vidole na kuivuta kidogo sana. Lesi yenye afya hunyumbuka na kurudi. Iliyooza huachana kama karatasi, na hiyo haifai kushonwa, kwani kila mshono mpya utafungua tundu jingine.

Kushona mpasuko mdogo

Mpasuko ambao kingo zake zote mbili zipo na zinaweza kukutana hauhitaji kiraka. Wigi huvalishwa kwenye kichwa cha sponji, nywele za jirani hubanwa kando, na kingo huletwa pamoja. Zigusane, zisipandane. Zikipandana huacha mstari mnene unaoonekana hata kwa mtu aliye mbali.

Mshono huanza matundu mawili au matatu kabla ya mwanzo wa mpasuko, mahali ambapo lesi ingali nzima. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau. Mshono unaoanzia kwenye ncha ya mpasuko huacha udhaifu palepale, na mpasuko huendelea mbele yake.

Sindano hupita kwenye tundu la upande huu na kutokea kwenye tundu la upande wa pili, ikiuzunguka mpasuko kwa mishono midogo ya kupindia. Uzi hukazwa kiasi cha kuzikutanisha kingo tu. Ukivutwa mno, lesi hujikunja na kufanya kikunyanzi. Mwishoni mshonaji hupita tena matundu mawili au matatu baada ya mpasuko, kisha hufunga kifundo upande wa ndani. Tone dogo la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kifundo huzuia uzi usifunguke.

Kutia kiraka

Pale ambapo kipande cha lesi kimetoka kabisa, kingo haziwezi kuletwa pamoja bila kuikunja wigi. Hapo kiraka hakiepukiki.

Nyuzi zilizofumuka hupunguzwa kwa mkasi bila kukata vifundo vya nywele. Kiraka hukatwa kikiwa kikubwa kuliko tundu kwa takriban sentimita moja kila upande, na huwekwa upande wa ndani, ule unaogusa kichwa. Safu za matundu ya kiraka zielekee sawa na zile za wigi. Kiraka kilichokaa kimshazari hunyumbuka kwa upande wake na kuvuta lesi ya zamani.

Kiraka hushikizwa kwa pini, kisha hupigwa bandi ili kisihame. Baada ya hapo ukingo wa tundu hushonewa kwenye kiraka kwa mishono midogo, na mzunguko wa pili hupita karibu na ukingo wa kiraka chenyewe. Bandi hutolewa, na ziada hupunguzwa ikibaki milimita chache nje ya mshono.

Kurudishia nywele

Kiraka kitupu katikati ya nywele huonekana kama upara. Nywele za kukijaza zinaweza kutolewa kwenye mkanda mmoja wa chini kisogoni, ambako upungufu hautagunduliwa. Nywele za binadamu zifungwe zote zikianzia upande wa shina. Zikichanganywa, magamba yake madogo hukwaruzana na nywele husokotana daima.

Fundi hukunja nywele chache karibu na shina zifanye kitanzi, na kukishika kitanzi hicho kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia, kulabu huingizwa kwenye tundu moja la lesi na kutokea tundu la pili, ikiwa imepita chini ya uzi mmoja. Hunasa unywele mmoja au mbili kutoka kwenye kitanzi na kuzirudisha chini ya uzi ule. Kisha kulabu huzungushwa, hunasa sehemu zote mbili za unywele na kuzivuta kupitia kitanzi kidogo kilichojitokeza. Kifundo hukazwa kwa kuvuta nywele kuelekea upande unaotakiwa zilale.

Kwenye ukingo wa paji la uso kifundo kimoja hutosha ili pasionekane vitone. Nyuma, ambako nguvu inahitajika kuliko urembo, kulabu huzungushwa mara ya pili ili kifundo kiwe maradufu.

Kazi hii haina njia ya mkato. Si ajabu kwa anayeanza kumaliza jioni nzima akijaza nafasi ya ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Ni busara kufanyia mazoezi kipande cha lesi kisicho na kazi kabla ya kuigusa wigi.

Mikanda iliyofumuka

Mkanda wa nywele ulioachana na kofia hushonwa kwa sindano iliyopinda. Uzi uuzunguke mkanda, usiutoboe. Sindano inayopita katikati ya mkanda hukata nyuzi zilizozishikilia nywele, na mtu aliyekusudia kuzuia nywele zisidondoke huwa amezifungulia njia.

Endapo nywele zinachomoka kwenye mkanda wenyewe, gundi ya nguo inayobakia laini ikikauka hupakwa kwa wembamba juu ya mshono wa mashine, na kuachwa ikauke kabisa kabla ya wigi kuvaliwa.

Kuimarisha kabla ya kuharibika

Ukarabati ulio bora ni ule unaofanywa wigi ingali nzima. Sehemu za kuangaliwa kwanza ni zile zinazozunguka masikio na kisogo. Utepe laini mwembamba hushonewa upande wa ndani kufuata ukingo, ili mvuto uupate utepe badala ya lesi.

Mbele, lesi ikatwe kwa vipindi vidogo vya kupinda pinda badala ya mstari ulionyooka, na ibakizwe milimita kadhaa mbele ya nywele za kwanza. Mkato wa namna hiyo huchelewa kufumuka na pia hujificha vizuri kwenye ngozi.

Dawa ya kuimarisha vifundo, ambayo hupulizwa upande wa ndani, hupunguza udondokaji wa nywele. Tabaka mbili nyembamba zinazoachwa zikauke moja baada ya nyingine hushinda tabaka moja nene. Rangi ya kucha isitumiwe kwa kazi hii. Hufaa kwa tone moja juu ya kifundo cha uzi, bali ikitandazwa hukauka na kuwa ngumu, ikakwaruza kichwa na kuvunja lesi.

Asiyependa gundi anaweza kushonea mshipi wa lastiki unaotoka sikio moja hadi jingine kwa nyuma. Lastiki huivuta wigi iketi mahali pake, na lesi ya mbele huponea adha ya kugandishwa na kubanduliwa kila siku. Ila isikaze hadi iache alama kwenye ngozi.

Yasiyofaa kufanywa

Gundi kali ya kuunganishia plastiki na viatu isikaribie wigi. Huganda kwa sekunde chache, hushikamana na ngozi, na ikigusa kitambaa cha pamba huweza kutoa joto la kuunguza. Mnamo 2021, mwanamke mmoja wa jimbo la Louisiana, Marekani, alilazimika kufanyiwa upasuaji baada ya kutumia gundi ya kupulizia ya kazi za nyumbani kulaza nywele zake. Gundi ya ngozi ni ya ngozi, na ya mbao ni ya mbao.

Dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni pia ni hatari, kwani huyeyusha baadhi ya nyuzi za kiwandani. Kadhalika, maji ya moto, pasi na mvuke wa sufuria huziharibu nywele hizo zisirejee tena. Kuchoma ncha za lesi kwa kiberiti ili zisifumuke ni kucheza na moto kwa maana zote mbili.

Afya ya kichwa kwanza

Wigi iliyokarabatiwa vizuri bado inaweza kumdhuru mvaaji endapo inavuta nywele zake. Maumivu, vipele vidogo kwenye ukingo wa paji, na nywele kurudi nyuma ni dalili za mashina kuzidiwa na mvuto. Mvuto ukikomeshwa mapema, nywele huweza kuota tena. Ukiendelea kwa muda mrefu mashina hupata makovu, na upara unaofuata ni wa kudumu.

Gundi mpya ijaribiwe kwanza kwa tone dogo upande wa ndani wa mkono na kuangaliwa kwa saa 24 hadi 48. Gundi zenye utomvu wa mpira huwasumbua baadhi ya watu. Pakiwasha, pakivimba au kuwa pekundu, gundi hiyo iachwe.

Kwa anayepokea tibakemia, ngozi ya kichwa huwa nyororo na rahisi kujeruhiwa. Ni vyema aepuke gundi kabisa, avae kofia laini ya pamba chini ya wigi, na ahakikishe vifundo vyote vya ukarabati havimgusi. Anayemshonea aipitishe mikono yake ndani ya wigi nzima akitafuta uzi wowote mgumu, kwani kinachomkera kidole kitamkera mgonjwa maradufu.

Lini kumwendea fundi

Si kila kasoro ni ya kutengenezewa nyumbani. Mpasuko mrefu unaopita kwenye mstari wa kugawia nywele, lesi iliyooza mbele yote, au nywele zinazodondoka kila mahali kwa mara moja huhitaji fundi wa wigi. Yeye anaweza kuondoa lesi yote ya mbele na kuweka mpya, kazi ambayo mwenye mkono mwepesi tu ndiye aifanyaye bila kuharibu.

Kabla ya kumkabidhi wigi, mteja aulize ni lesi ya aina gani itakayotumiwa, iwapo nywele zilezile zitarudishwa, na gharama yote itakuwa kiasi gani. Ikikaribia bei ya wigi mpya, hakuna haja ya kushona.

Kwa kazi ndogo ndogo, dakika tano za ukaguzi kila wigi inapooshwa hutosha. Wigi ishikwe kwa kofia yake na si kwa nywele, ichanwe kuanzia nchani kuelekea juu, na ihifadhiwe juu ya kichwa cha sponji au ndani ya mfuko wa kitambaa, mbali na jua. Sindano na uzi viwekwe hapo kando, ili tundu la kwanza likionekana lizibwe jioni hiyohiyo.